Je, Kumwuliza Fundi ni Kumdharau?

Swali letu la mwezi huu halikutoka vitabuni. Limetoka katika nyumba ya mama mmoja, msemaji wa lugha yetu, akaaye katika jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako ndugu wengi wa Afrika ya Mashariki wamehamia. Tulikuwa wageni wake wakati wa baridi. Jambo tuliloliona pale si kubwa, lakini limetusumbua moyo tangu siku ile, na twadhani hata mtu asiyetazamia kuiona Marekani atajitambua ndani yake.

Kwanza sharti tueleze jinsi nyumba za huko zilivyo, maana asiyezijua hataielewa habari. Katika nchi ile baridi huzidi hata maziwa ya maji kugeuka barafu, wala mtu hawezi kukaa ndani pasipo moto. Lakini moto wenyewe hauwekwi chumbani. Katika nyumba nyingi iko tanuru moja chini ya nyumba, na ndani yake pangaboi lisukumalo hewa yenye joto ipite katika njia za bati, zilizofichwa ndani ya kuta na chini ya sakafu, mpaka itokee katika kila chumba kwa tundu lililofunikwa kwa wavu wa chuma. Njia nyingine huirudisha hewa ile ile kwenye tanuru, ikipita katika chujio lishikalo vumbi. Wakati wa joto njia hizo hizo hupitisha hewa iliyopozwa. Basi mwenye nyumba huvuta hewa hiyo mchana na usiku, naye hajapata kuziona njia zake kwa ndani, ila shubiri moja au mbili akiuinua wavu.

Mama yule alikuta karatasi katika sanduku lake la barua. Ilisema kwamba njia za hewa za nyumba nzima zitasafishwa kwa dola 99, tena kwamba bei hiyo ni ya juma lile tu. Akatuonyesha, maana ana mjukuu mwenye ugonjwa wa pumu, na moyo wake haukutulia. Nasi, tuliopewa heshima ya kuulizwa shauri, tukamjibu, “Mama, hii ni bahati.” Neno hilo tumelikumbuka mara nyingi.

Siku ya tatu akaja kijana mmoja, mwenye adabu, amebeba mashine ndogo ya kuvuta vumbi kama ile ya kufagilia zulia. Mama akampikia chai ya maziwa, maana hakujua namna nyingine ya kumpokea mtu aliyeingia nyumbani mwake kutoka barafuni. Kijana akanywa, akashukuru, akatia mpira wa mashine yake katika matundu mawili matatu, na kabla ya nusu saa kwisha akaja kwetu na uso wa huzuni. Katika simu yake akatuonyesha picha ya kitu cheusi. Akasema ni kuvu, tena ya sumu, na mtoto mwenye pumu hafai kulala usiku mmoja zaidi katika nyumba ile. Halafu akaeleza kwamba zile dola 99 zilikuwa za matundu machache tu. Njia kubwa haimo katika hesabu, wala dawa ya kuua viini. Vyote pamoja vingefika dola 1,100, lakini mama akikubali leo hii, atamfanyia 850.

Mama akatutazama. Sisi tukatazama chini. Akalipa.

Sasa swali ndilo hili: kwa nini hatukumwambia yule kijana atupeleke mahali penye kuvu, tuione kwa macho yetu? Si kwa ujinga. Kila mmoja wetu alikuwa na shaka moyoni, nasi tulikiri hivyo jioni ile ile. Tulinyamaza kwa sababu ya haya. Tuliona kwamba mtu aliyekunywa chai yetu hafai kuulizwa ushahidi, kana kwamba yuko barazani mbele ya hakimu. Tumelelewa hivyo, na malezi hayo ni mema, hatutaki kuyatupa. Lakini twaona kwamba hila ya namna hii haiwapati wenye tamaa peke yao, kama watu wasemavyo. Huwapata hasa wapole. Karatasi ya dola 99 haikutungwa ili kufanya kazi ya dola 99. Ilitungwa ili mtu apate kuingia mlangoni, kwa kuwa watungaji wake wajua kwamba mtu akiisha kuingia ni vigumu sana kumtoa.

Baada ya siku zile tulitafuta habari, kama ilivyo desturi ya watu kutafuta fimbo baada ya nyoka kwenda zake. Serikali ya Marekani ina idara ya kulinda mazingira, iitwayo EPA kwa kifupi, nayo ilitoa kijitabu juu ya jambo hili mwaka 1997. Kijitabu hicho kimesema kwamba haijapata kuthibitishwa kuwa kusafisha njia za hewa huzuia ugonjwa. Na kwamba sehemu kubwa ya uchafu wa ndani hushikamana na bati, wala si lazima iingie chumbani. Sababu za kusafisha ambazo idara ile yazikubali ni chache: kuvu nyingi ionekanayo waziwazi, panya au wadudu walioingia humo, au vumbi na takataka zilizojaa hata kuziba njia na kutoka matunduni. Pasipo mojawapo ya hayo, na kama hakuna mtu mwenye ugonjwa udhaniwao kutoka humo, yamkini kazi yenyewe haihitajiwi. Vumbi lionekanalo juu ya wavu wa njia irudishayo hewa ni jambo la kawaida, kitambaa chatosha.

Juu ya kuvu kijitabu kilitufedhehesha kabisa. Kinasema fundi akidai kwamba ipo, mwenye nyumba amwambie amwonyeshe. Tena kitu chaweza kufanana na kuvu kisiwe kuvu, na hakika haijulikani mpaka mjuzi akipime. Ziko maabara zinazoweza kupima hata kipande cha utepe wa gundi kilichobandikwa juu ya uchafu ule, kwa bei ambayo kijitabu kilitaja kuwa dola kama 50. Na ikiwa ni kuvu kweli, sharti maji au unyevu ulioizaa uondolewe kwanza, la sivyo itaota tena. Juu ya zile dawa za kuua viini kinasema kwamba utafiti wa kuonyesha faida yake katika njia za hewa ni haba. Na mtu ajisifuye kwamba ana cheti cha idara ile amesema uongo, kwa maana idara haimpi fundi yeyote wa kazi hii cheti, wala haimsifu.

Hatusemi kwamba kazi hii yote ni udanganyifu. Ipo kazi ya kweli, nayo ni ya jasho. Fundi huunga mashine kubwa ya kuvuta hewa kwenye njia kuu, ili uchafu usirudi chumbani. Hufunika sakafu na vyombo. Hupitisha brashi na hewa yenye nguvu katika kila tawi. Husafisha pia pangaboi na sehemu za mtambo zipozazo hewa. Kazi hiyo huchukua saa kadhaa, na mara nyingi hutaka watu wawili. Kijitabu kile kilitaja gharama ya dola 450 mpaka 1,000 kwa mtambo mmoja, na tangu wakati kilipotolewa bei za vitu hazikushuka. Tena kazi ikifanywa kwa mashine dhaifu yaweza kutoa vumbi jingi zaidi kuliko kama njia zingaliachwa kama zilivyo. Hivyo huenda mjukuu yule alipata madhara mahali tulipomtafutia nafuu.

Hapa ndipo hatia yetu wenyewe inapoanza kuonekana. Vyaelea vimeundwa, nasi tulilijua neno hilo tangu utoto. Tungeketi na kuhesabu mshahara wa watu wawili wa kutwa nusu, na mafuta ya gari, na bei ya mashine, tungaliona kwamba dola 99 hazitoshi. Hatukuketi. Tuliipenda bei, na mtu akiipenda bei hapendi kuihesabu. Basi aliyetupa chambo alitenda vibaya, lakini sisi tulikubali bila kuuliza kwamba mtu fulani, tusiyemjua, afanye kazi kwa ujira usiomlisha. Ama yeye ataibiwa jasho lake, ama sisi tutaibiwa fedha yetu. Hapakuwa na njia ya tatu, nasi tulifurahi.

Yule kijana mwenyewe alituambia kabla ya kuondoka, tulipomwuliza juu ya kazi yake, kwamba hapati kitu katika zile 99. Hulipwa fungu la kile anachoongeza akiisha kuingia. Alisema hivyo bila kuona haya, kama mtu aelezaye hali ya hewa. Hatukumchukia. Twadhani yeye naye amewekwa mahali ambapo akisema kweli atalala na njaa, na waliomweka hapo hawaji nyumbani mwa mtu wala hawanywi chai yake.

Wengine watasema: Lakini aliambiwa bei kamili kabla ya kulipa, akakubali mwenyewe, udanganyifu uko wapi? Hoja hii tumeisikia hata kwa watu wazuri. Serikali ya Marekani ina tume ya kusimamia haki katika biashara, nayo mwaka 1959 ilitoa mwongozo juu ya matangazo ya chambo. Neno moja katika mwongozo huo latupendeza sana: kwamba hata mnunuzi akiisha kuambiwa habari za kweli baadaye, sheria imevunjwa, ikiwa kule kuonana kwa kwanza kulipatikana kwa udanganyifu. Twaona ni hekima. Ukweli uliosemwa baada ya uongo kufungua mlango si ukweli mtupu. Watumia faida iliyoletwa na uongo. Mtu akiisha kuketi nyumbani mwako, na vyombo vyake viko sakafuni, na mjukuu wako anakohoa katika chumba cha pili, ile kweli yake ya dola 850 haikujii kama ingalivyokuja ukiwa peke yako, ukisoma karatasi.

Tena yuko mtu ambaye katika habari hii hakutajwa na mtu yeyote, naye ni fundi mwaminifu wa mji ule ule. Yeye aliandika bei yake ya haki, na kwa sababu hiyo hakuitwa. Kila mara tunyamazapo mbele ya fundi wa hila kwa kuogopa kumwaibisha, twamnyima huyu mwingine kazi, maana kitu pekee kinachomtofautisha ni kwamba yeye aweza kuulizwa. Kumshuku mtu ni kumhukumu kabla hujaona. Kumwuliza ni kumpa nafasi ya kuonyesha. Tulipochanganya mambo hayo mawili tulidhani tunalinda upendo, kumbe tulikuwa tukilinda raha yetu ya kutosema maneno magumu.

Kwa hiyo, mwenye jamaa huko ng'ambo na awaandikie wasione haya kuuliza, tena wakiwa bado katika simu, kabla mlango haujafunguliwa: Bei hii ni ya matundu mangapi, na njia kuu imo? Mtakuja watu wangapi, na mashine gani, kwa saa ngapi? Mtaisafisha na tanuru? Wapate jibu kwa maandishi, na bei yote ndani yake. Akija mtu akasema ameona kuvu, ainue wavu nao waone. Akiwa na picha, aipige tena mbele yao. Akisema bei ni ya leo tu, basi wangoje kesho. Ajibuye kwa kukasirika amekwisha kujibu.

Tumeulizwa na mwalimu mmoja: Na maskini afanyeje, asiyeweza kulipa ila bei ndogo? Swali ni la haki, wala kutafuta rahisi si kosa kwa mtu mwenye watoto na kodi ya nyumba. Lakini katika jambo hili maskini ana bahati kidogo, kwa kuwa mara nyingi kilicho bora kwake ni kutofanya kitu kabisa, ila kubadili lile chujio kwa wakati wake. Chujio la kawaida ni la dola chache, na mtoto wa miaka kumi na miwili aweza kulitia.

Mama yule aliyajua hayo mwezi uliofuata. Mjukuu alikuwa akikohoa vile vile, basi akamwita fundi mwingine, mtu mzima, aliyemwambia katika simu kwamba kuja kutazama tu ni dola 89, akute kitu au asikute. Tukaona ni ghali. Akaja na taa na kioo kidogo, akafungua mfuniko wa njia kuu, akatuita sote tuchungulie. Palikuwa na vumbi jepesi na kalamu ya rangi ya mtoto. Kuvu haikuwapo. Kisha akalitoa chujio, nalo lilikuwa jeusi kama chungu, maana halikubadilishwa tangu mama alipohamia, na yule kijana wa kwanza hakulifungua. Akatia jipya, akaandika tarehe juu yake kwa kalamu, akapokea dola zake 89 na bei ya chujio. Chai aliinywa akiwa amesimama, kwa kuwa alikuwa na nyumba nyingine ya kwenda.