Mchoro Si Ushahidi

Mtoto akichora bila kuambiwa achore nini, mchoro ule ni wa nani: wake, wa Mungu, au wa anayejitwika kuufasiri? Mimi ni katekista hapa Uvira. Tangu mto Mulongwe ufurike Aprili 2020, Jumamosi mchana nakaa na watoto, penseli za rangi mezani, na sitoi mada.

Msichana mmoja alichora mawe. Mawe matupu, makubwa yamekalia madogo, na katikati yao mtu mweusi asiye na uso. Mama yake alipoiona karatasi akashtuka: “Papa katekista, huyu si pepo? Nimpeleke chumba cha maombi?” Nikamjibu, “Mama, tungoje.”

Hofu yake ina mizizi. Kwetu Kongo watoto wamefukuzwa majumbani kwa kuitwa wachawi, ingawa sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, inamwadhibu anayemtuhumu mtoto uchawi. Fasiri ya haraka inaweza kumlaza mtoto barabarani.

Kungoja kwenyewe kuna mfano: huko London, Marion Milner, tabibu wa uchambuzi wa nafsi, alimpokea mwaka 1943 mgonjwa aliyempa jina la Susan. Ilikuwa 1950 ndipo Susan alipoanza kumletea michoro, nayo ikafika maelfu. Kitabu cha Milner juu ya tiba hiyo kilitoka 1969. Mimi navutiwa na subira yake kuliko fasiri zake: michoro ileile aliirudia miaka na miaka.

Atatokea wa kuniambia kwamba imani hudai neno, na toba hutamkwa kwa kinywa. Ni kweli. Lakini Yohana, sura ya 8, anamwonyesha Yesu akiinama na kuandika chini kwa kidole, waliotaka kumpiga mawe mwanamke aliyefumaniwa katika uzinzi wakimshurutisha aseme. Aliandika nini? Injili haisemi, na mwanamke yule alipona.

Msichana wetu aliendelea na mawe yake kwa miezi. Hatimaye, bila kuulizwa, akaweka kidole juu ya yule mtu: “Ni mimi. Nilikuwa nimejaa matope.”

Mtu ambaye angemkemea “pepo” yule angekuwa anamkemea mtoto mwenyewe. Basi, mzazi, mchungaji, mwalimu: mchoro usiouelewa usiupe jina. Mwongezee mtoto karatasi, kisha ukae naye. Mwenye maana ni yeye, na ataitoa siku atakayotaka.