Usawa Usiouliza Swali

Familia yenye magari mawili ya umeme na laini moja ya kuyachajia ina tatizo la kale sana: kitu ni kimoja, wanaokihitaji ni wawili. Aristotle aliuliza filimbi bora apewe nani, akajibu apewe mpigaji bora. Amartya Sen, katika The Idea of Justice (2009), aliwaweka watoto watatu mbele ya filimbi moja: mmoja anajua kuipiga, wa pili ni maskini asiye na kitu kingine cha kuchezea, wa tatu ndiye aliyeitengeneza. Kila mmoja ana hoja. Lakini filimbi haigawanyiki. Umeme unagawanyika, na wengi wetu tungedhani kwamba hilo linamaliza ubishi.

Nyumbani kwetu Nairobi, mama anaendesha Nissan Leaf ya zamani iliyotoka Japani ikiwa imetumika. Kaka ana gari jipya lenye betri kubwa. Laini ni ya ampea 32 kwa volti 240, yaani kilowati 7 na ushei. Ukizidisha, swichi ya usalama inajizima. Haisikilizi hoja ya mtu. Magari yote mawili yakichomekwa, chaja hugawa nusu kwa nusu: 16 huku, 16 kule.

Usawa huo una dosari mapema tu. Leaf hiyo haiwezi kupokea zaidi ya kilowati 3.3, kama ampea 14. Mbili zinazosalia hazina mwenyewe. Kaka amenyimwa na mama hakufaidika. Chaja yenye akili zaidi ingesogeza kilichobaki, ikatoa 14 na 18. Hakuna aliyepunguziwa, na mmoja ameongezewa. Ni vigumu kulipinga hilo.

Swali gumu linakuja baadaye. Katika uchajiaji wa kawaida wa nyumbani, chaja huliambia gari lisivuke kiwango fulani cha umeme, lakini gari haliijibu chaja betri yake imebaki kiasi gani. Chaja haijui nani anasafiri alfajiri na nani atashinda nyumbani. Inagawa sawa kwa sababu haioni. Hata ingeoneshwa asilimia, zingeipotosha: asilimia 30 ya betri ya kilowati-saa 24 ni kama 7, na asilimia 30 ya betri ya 60 ni 18. Tarakimu ni ile ile, mwendo sivyo.

Basi nusu kwa nusu ni haki ya watu wasiojuana. Inafaa kwenye maegesho ya umma. Watu wanaokula sufuria moja wana uwezo ambao chaja haina: wanaweza kuulizana, "Kesho unaenda wapi?"

Hapo ndipo ninapositasita. Kaka akiulizwa, husema ana mkutano, na mkutano una saa na mahali. Mama akiulizwa, husema, "Mpe tu mwenzako, mimi nitajipanga." Safari zake ni za kumpeleka bibi kliniki, kupitia sokoni, kumchukua mtoto shuleni. Zikijumlishwa huenda zikawa ndefu kuliko ya kaka, ila hakuna anayeziita kazi. Ukigawa kwa mahitaji, atakayepata ni yule anayejua kuyataja mahitaji yake. Usawa wa chaja ni kipofu, lakini haumlazimishi mtu kuomba kilicho chake.

Kwa hiyo siutupi. Naufanya sakafu, si dari. Kanuni za chaja zenyewe zina sakafu: gari haliwezi kupangiwa chini ya ampea 6. Kwenye ampea 32, magari 6 hayawezi kuchaji kwa pamoja, lazima yapokezane. Mafundi walikubali jambo ambalo sisi husahau tunapogawa mali, muda au sifa: kuna fungu dogo kiasi kwamba kumpa mtu ni sawa na kutompa kitu, na hapo zamu ni ya haki kuliko vipande.

Juu ya sakafu hiyo ndipo maswali yaanze, na aanze kuuliza yule mwenye betri kubwa, si yule aliyezoea kusema atajipanga. Usiku una saa nyingi. Leaf ikihitaji saa 4 tu, ichukue ampea zake 14 kwanza, kisha gari la kaka libaki na laini nzima hadi asubuhi. Anayetazama saa tatu usiku ataona mmoja anapata 14 na mwingine 18, na huenda akalalamika. Lakini haki ya nyumbani haipimwi kwenye waya. Inapimwa alfajiri: je, kila mmoja anaweza kufika anakokwenda, na je, kuna aliyelazimika kunyamaza ili mwenzake afike?