Uaminifu Pasipo Mashahidi: Vibanda vya Milimani vya Norwe

Katika milima ya Norwe kuna vibanda visivyo na mlinzi, mhudumu wala mtunza fedha, na ndani yake mna chakula cha kuwatosha wageni wengi. Anayefika hufungua mlango kwa ufunguo, huwasha jiko la kuni, huchukua rafuni supu ya pakiti, nyama ya kopo na kahawa, hulala, na asubuhi huandika mwenyewe alichotumia ili akilipie. Vingi viko kandokando ya maziwa, mwendo wa siku moja kwa miguu toka kimoja hadi kingine. Mwenyewe ni Den Norske Turistforening, chama cha wapenda matembezi kilichoanzishwa mwaka 1868, ambacho pamoja na matawi yake kina vibanda zaidi ya 550. Si vyote vya namna hii: vingine vina wahudumu na meza iliyoandaliwa, vingine havina hata punje ya chakula. Hivi vya kujihudumia ndivyo vinavyozua swali ambalo wanafalsafa wamelihangaikia tangu zamani: kwa nini mtu alipe mahali ambapo hakuna anayemwona?

Anayepanga safari ya aina hii huanza na ramani. Katika eneo la Jotunheimen, kwa mfano, atakuta ziwa Gjende, mita 984 juu ya usawa wa bahari, ambalo maji yake ni ya kijani kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Ng'ambo ya ukingo mwembamba wa Besseggen, karibu mita 400 juu zaidi, liko ziwa Bessvatnet, nalo ni la buluu. Njia zimewekewa alama ya herufi T kwa rangi nyekundu juu ya mawe. Hakuna geti wala tiketi, kwa kuwa sheria ya mwaka 1957 inampa kila mtu haki ya kupita nyikani hata kwenye ardhi yenye mwenyewe, na kupiga hema humo ilmradi awe umbali wa mita 150 au zaidi kutoka nyumba inayokaliwa. Mwanachama huazima ufunguo mmoja unaofungua karibu vibanda vyote vyenye kufuli, akaweka amana kidogo. Kisha hufunga mzigo: shuka la kulalia, nguo za sufu, koti la mvua. Chakula cha siku nyingi hakibebi, kwa kuwa kinamngoja mbele. Kwa hiyo kabla hajapiga hatua ya kwanza ameshaweka tumbo lake rehani kwa watu asiowajua, waliolala kule kabla yake. Sehemu kubwa ya shehena hupelekwa majira ya theluji, na rafu ikikombwa mwezi wa Julai hakuna duka la kukimbilia.

Plato alilitungia swali hili kisa katika kitabu cha pili cha Jamhuri. Glaukoni anamsimulia Sokrate habari za mchunga mifugo wa Lydia aliyevua pete kidoleni mwa maiti ndani ya ufa wa ardhi, akagundua kwamba akiigeuza haonekani. Haukupita muda akawa amelala na malkia, amemuua mfalme na kutwaa kiti chake. Hoja ya Glaukoni ni kwamba mwema na mwovu wakipewa pete kama hiyo wataishia pamoja. Wema ni woga wa kukamatwa tu. Sokrate anajibu kwa sehemu yote iliyobaki ya Jamhuri: dhalimu, hata asipoonekana, amekwisha kuivuruga nafsi yake.

Mapokeo ya Kiislamu nayo yana mchunga wake. Sahaba Abdullah bin Umar alimkuta mtumwa akichunga kondoo za bwana wake, akamjaribu: amwuzie mmoja, na bwana akiuliza aambiwe ameliwa na mbwamwitu. Mtumwa akamwuliza: Mungu je, yuko wapi? Ibn Umar akamnunua kwa bwana wake na kumwacha huru. Wachunga hawa wawili wako katika hali moja, porini bila shahidi, ila wa pili hakubali kwamba hali hiyo ipo. Kwake hakuna mahali pasipo jicho, kwa hiyo pete ya Lydia ni hadithi ya jambo lisilowezekana. Mwanazuoni Ghazali, katika Ihya Ulum al-Din, alitenga kitabu kizima kueleza muraqaba na muhasaba, yaani kuiangalia nafsi na kuifanyia hesabu, akaifananisha nafsi na mbia wa biashara anayewekewa masharti, anayeangaliwa, kisha anayefanyiwa hesabu mwisho wa siku. Mgeni anayekaa mezani asubuhi na kalamu, akihesabu makopo na vikombe vya kahawa, anafanya kitu ambacho Ghazali angekitambua mara moja, hata kama mgeni huyo haamini lolote.

Immanuel Kant angekuwa mkali zaidi. Mwaka 1785 alitoa mfano wa muuza duka asiyempunja mtoto: bei zake ni zilezile kwa kila mnunuzi, lakini huenda anafanya hivyo ili asipoteze wateja, na uaminifu wa namna hiyo ni biashara nzuri tu. Kibandani hoja hiyo inageuka. Mgeni hana wateja wa kuwalinda, na huenda asirudi tena maishani mwake. Akilipa, ni vigumu kusema amelipa kwa faida gani.

Ni kweli kwamba kificho cha kibandani si kamili. Ufunguo hupewa wanachama, na kila kibanda kina kitabu ambamo mgeni huandika jina, alikotoka na anakokwenda. Mwenye shaka atasema hapo ndipo siri ilipo: watu hulipa kwa sababu wameacha majina. Hoja hiyo ina nguvu, lakini inapita kando ya kazi hasa ya kitabu. Kanuni ya kwanza kati ya tisa za usalama wa milimani za Norwe ni kupanga safari na kuwaarifu watu njia itakayofuatwa. Ukungu ukishuka na mtu asipofika, waokoaji hufungua kitabu cha kibanda alicholala mwisho. Anayejificha ili asidaiwe amejificha pia kwa wanaomtafuta. Huko Lydia kutoonekana kulikuwa nguvu. Kwenye mita 1,440, pale kilipo kibanda cha Olavsbu, ni hatari ya kufa. Glaukoni hakulifikiria hilo, labda kwa sababu pete yake ilifanya kazi mjini, ambako mtu hamhitaji jirani kila saa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la utajiri. Norwe ni nchi yenye mali, na kulipia supu hakumwumizi mtu. Wema usio na gharama haujathibitishwa. Jibu linapatikana kwenye kuni kuliko kwenye fedha. Desturi inamtaka anayeondoka apige deki, apasue kuni na kuacha kandokando ya jiko fungu kavu lililo tayari kuwashwa. Mwenyewe amechoka, ana safari ya saa sita mbele, na kuni hizo hazitampasha joto yeye. Zitampasha atakayefika usiku akiwa ameloa, ambaye hatajua nani wa kumshukuru. Deni la kuni alizozikuta haliwezi kulipwa nyuma, kwa kuwa aliyezipasua ameshaondoka. Hulipwa mbele tu. Falsafa iliyojengwa juu ya mikataba kati ya watu wawili haina nafasi nzuri ya kuweka deni kama hilo, na hapo ndipo wachunga wote wawili wanapopungukiwa: mmoja alikuwa na mfalme wa kumpindua, mwingine bwana wa kumwibia au kutomwibia. Kibandani hakuna bwana. Yuko anayefuata.

Siku hizi malipo mengi hufanywa kwa simu, na vitanda vinaweza kushikwa mapema mtandaoni. Lakini vibanda vingi havina mtandao wa simu, hivyo bili hulipwa baada ya kushuka, nyumbani, mtu ameshaoga na ameshakula, na orodha ya makopo imebaki karatasini kwa mwandiko wake mwenyewe.