Mgonjwa wa Kansa Afunge au Ale?



Liko swali tunaloulizwa mara nyingi na jamaa zetu wa hapa Kampala, na wale wanaotoka Nakivale, Kyaka na Rwamwanja kuja kutibiwa Mulago. Mtu anayetibiwa kansa, ambaye hamu ya chakula imemwisha, je, atumie siku hizo kufunga na kuomba ili Mungu amponye? Wengine husema mwili wenyewe umekataa chakula, basi hiyo ni ishara. Wengine husema tukiinyima kansa chakula, itakufa kwa njaa. Swali hili si dogo. Jibu baya linaweza kumwondolea mtu nguvu za kumaliza matibabu.

Kufunga ni jambo jema, nasi hatulipingi. Lakini tusomapo Maandiko tuulize: ni nani anayefunga? Mtoto wa Daudi alipougua, aliyefunga na kulala chini usiku kucha ni Daudi, si mtoto (2 Samweli 12:16). Katika Zaburi 35:13, aliyefunga ni mzima, kwa ajili ya watu waliokuwa wagonjwa. Hata Mathayo 17:21, andiko linalotumiwa sana katika jambo hili, Yesu hakumwambia yule kijana mgonjwa. Aliwaambia wanafunzi wake, watu wenye afya, walioshindwa kumsaidia. Na binti Yairo alipoinuka, Bwana aliagiza apewe chakula (Luka 8:55).

Mkumbukeni pia Eliya, aliyechoka mpaka akaomba kufa. Malaika hakumkemea kwa imani haba. Alimletea mkate na maji, akamwamsha mara mbili ale, kwa maana safari iliyokuwa mbele yake ilikuwa kubwa (1 Wafalme 19:4-8). Basi kwa maoni yetu utaratibu ni huu: mzima afunge kwa ajili ya mgonjwa, naye mgonjwa ale kwa ajili ya safari.

Matibabu ya kansa ni safari kubwa kweli. Dawa zile hupiga chembe zinazokua upesi. Kansa hukua upesi, lakini hata chembe za kinywani, tumboni na zile zinazotengeneza damu hukua upesi. Ndiyo sababu ya vidonda vya mdomo, kichefuchefu, na chakula kuwa na ladha ya chuma. Hiyo si ishara ya kufunga, ni kazi ya dawa. Mgonjwa asipokula, kansa haitangulii kufa. Mwili hujila nyama yake wenyewe. Naye akidhoofika sana, daktari hulazimika kupunguza dawa au kuiahirisha.

Wako wanaoogopa kwamba kumsikiliza daktari ni kupungukiwa imani. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, alikuwa Mkristo mwenye kuomba. Mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya uliokuwa ukiua watoto, ambao leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 alisafiri kwa gari wiki kumi pamoja na madaktari wawili wamisionari, kupita nchi nyingi za Afrika, kutafuta mahali ugonjwa huo ulipo. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilianza hapo Mulago mwaka 1967, na watoto wengi wenye uvimbe ule walipona kwa dawa. Maombi na dawa havikugombana moyoni mwa mtu yule.

Lakini neno hili, kwamba mgonjwa ale, lisigeuke kuwa fimbo. Katika nyumba nyingi tunasikia: "Hutaki kupona! Tumehangaika kupata kuku, nawe unakataa!" Hayo husemwa kwa upendo wenye hofu, lakini huongeza mzigo. Anayeshindwa kula hana dhambi, wala hajawadharau waliopika. Upendo hutafuta njia:

1. Mpeni kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku. Sahani kubwa ya posho humtisha.

2. Tieni nguvu katika kidogo hicho: uji wenye maziwa na karanga zilizosagwa, yai lililoiva vizuri, avoka, maharagi yaliyopondwa, au unga wa samaki wadogo ambao hapa huitwa mukene na kwetu ndagala.

3. Harufu ikimchefua, pikieni mbali naye, mkampe chakula kilichopoa. Kijiko cha plastiki husaidia ladha ya chuma ikisumbua.

4. Akiwa na vidonda mdomoni, acheni pilipili na ndimu. Asukutue kwa maji safi yenye chumvi kidogo.

5. Maji na maziwa yachemshwe, nyama iive kabisa, kiporo asipewe, maana nguvu ya mwili kupigana na vijidudu imepungua.

6. Dawa za miti shamba asipewe kabla ya kumwuliza daktari. Akipata homa, au akishindwa hata kunywa maji, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mtasema: mayai na maziwa tutayatoa wapi? Kweli, hapa Kampala tunanunua kila kitu, hata makaa na maji. Na kambini mgao ulipunguzwa: mwaka 2020 ukashuka hadi asilimia 70, na mwaka 2021 hadi asilimia 60. Ndiyo maana mama mgonjwa husukuma sahani yake kwa watoto akisema ameshiba. Je, afanya vema? Moyo wake ni mwema. Lakini watoto wale wanamhitaji mama kuliko vijiko vyake vitatu vya uji. Si haki kumwachia yeye peke yake uamuzi huo.

Hapo ndipo kufunga kwa kanisa kunapata mahali pake. Isaya 58:7 inatufundisha kwamba mfungo anaoupenda Mungu ni kumgawia mwenye njaa mkate. Basi aliye mzima akifunga siku moja kwa ajili ya mgonjwa, thamani ya chakula ambacho hakula iende kwa mgonjwa huyo, hata kama ni mayai mawili. Tukifunga na kubaki na fedha ile mfukoni, tumefunga nusu.

Neno la mwisho ni zito. Ikifika siku ambayo madaktari wanasema dawa hazisaidii tena, mwili huanza kuacha chakula. Hapo tusilazimishe. Kulowesha midomo yake, kumshika mkono na kumwombea kwatosha. Watu wa Hospice Africa Uganda, waliofanya kazi tangu mwaka 1993 na kituo chao kiko Makindye, wanajua kupunguza maumivu. Kuita msaada wao si kukata tamaa.

Bwana awatie nguvu wote walio kitandani, na wote wanaoshika kijiko kando yao. Amina.