Joto la Mzee

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chasimulia kwamba Daudi alipokuwa shaibu alirundikiwa mavazi na baridi isimtoke. Na habari hiyo fupi yaniletea swali zito: ikiwa joto ni dalili ya uhai, na uhai ni amana ya Mola, mbona amana hiyo hufifia mwilini mwa mja kabla ya siku ya kuirejesha?

Nguo haina joto lake yenyewe. Huhifadhi tu lile lizaliwalo mwilini, nalo huzaliwa na kazi ya moyo, ini na misuli. Mtazame hamali apandishaye gunia la karafuu, shingo imemlowa na mishipa imemtutumka: katika nguvu zote aziteketezazo, yapata robo tu ndiyo iinuayo gunia, na iliyosalia hugeuka joto, ambalo damu hulichukua hadi ngozini na jasho likaliondoa. Mbwa, ambaye jasho lake ni haba, hutweta. Na ngamia mwenye kiu huacha joto lake lishuke alfajiri hata digrii 34 na lipande mchana hata kukaribia 41, ili asipoteze maji kwa jasho. Ajabu zaidi ni kwamba mwili uliozoea mazoezi huanza kutoka jasho mapema kuliko mwili mlegevu, hata yule azalishaye joto jingi akawa ndiye hodari wa kujipoza. Hapo naiona kudura ya Muumba waziwazi.

Uzeeni misuli hupungua, mishipa ya ngozi huwa mizito kujifunga wakati wa baridi na kujifungua wakati wa hari, na kiu yenyewe huchelewa. Mazoezi huahirisha hayo, hayayafuti. Wako wasemao kwamba mzee aliyepoa amejitakia kwa uvivu. Kauli hiyo siikubali hata kidogo, kwani Daudi alikuwa mchungaji na askari, na baridi ilimfika. Kurani nayo yafundisha kwamba udhaifu wa mwisho umepangwa na Yule Yule aliyetupa nguvu za katikati. Itikadi yangu ni kwamba amana ile haikupotea: sehemu yake imehamishiwa kwa walio karibu na mzee, nao wataulizwa juu yake.

Basi wewe uliye na mzee nyumbani, usimpime kwa ngozi yako. Mzee aweza kushikwa na kichomi na mwili wake usipande joto; ukimwona amezubaa ghafla au amekataa chakula, mpeleke kwa tabibu, ijapokuwa paji lake ni baridi.