Kuadhimisha Siku Zilizopita: Ni Desturi au Ni Deni?

Kila mwaka, mwezi wa Oktoba ukifika, serikali ya Kenya huadhimisha tarehe 20. Zamani siku hiyo ikiitwa Siku ya Kenyatta, kwa kukumbuka kukamatwa kwa Jomo Kenyatta na wenziwe mwaka 1952. Katiba ya mwaka 2010 ikaibadilisha jina, ikawa Siku ya Mashujaa. Bendera hupandishwa, askari hupiga gwaride, na wakubwa hutoa hotuba. Baada ya siku tano huja tarehe 25, nayo si sikukuu ya serikali. Lakini hapa Kisumu wako watu ambao siku yao ni hiyo ya pili. Basi twauliza: kukumbuka siku ya tukio ni jambo gani? Ni desturi tu, atakaye huifanya na asiyetaka huiacha, au ni deni lililo juu ya shingo zetu?

Kwanza tueleze yaliyotokea. Jumamosi tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kufungua hospitali kubwa iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, na watu wa mji wakaizoea kwa jina la «Russia». Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 Julai mwaka huo huo, na nyoyo zilikuwa hazijapoa. Hadharani, Rais na Oginga Odinga, mkuu wa chama cha upinzani cha KPU, wakarushiana maneno makali, pakazuka ghasia, risasi zikapigwa katika umati wa watu. Serikali ilisema waliokufa ni 11; wengine walisema ni wengi zaidi sana, na watoto wamo. Siku chache baadaye KPU kikapigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hata mwaka 1971. Hospitali hiyo leo yaitwa kwa jina lake Odinga.

Ama siku yenyewe, haina baraka wala nuksi kwa sababu ya kifo cha mtu. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), jua lilipatwa, watu wakadhani limepatwa kwa ajili yake, Mtume akawakataza dhana hiyo, ingawa msiba ulikuwa wake mwenyewe. Tena itazame hesabu ya miaka. Siku ile ya Kisumu ilikuwa katika Shaabani ya mwaka 1389. Mwaka wetu wa Hijra wapungua kwa siku kama kumi na moja kuliko mwaka wa jua, kwa hiyo Shaabani na Oktoba huachana, zisikutane tena ila baada ya miaka mingi. Basi siku ya kweli ni ipi? Tarehe ni kigingi tu. Hufungiwa kumbukumbu isipotee. Masahaba, katika ukhalifa wa Sayyidna Umar, walipotaka kuanza kuhesabu miaka, hawakuchagua mwaka wa kuzaliwa Mtume wala wa kufa kwake, bali mwaka wa Hijra: walichagua tendo. Hapo twajifunza kuwa kinachokumbukwa ni lile lililotendwa na linalotupasa kwa sababu yake.

Wako wasemao: «Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo.» Methali hii ni ya hekima, walakini hutumiwa mahali pasipo pake. Jeraha lililofungwa na risasi imo ndani halikupita, nalo ndilo litakalotuuguza kesho. Tena twajua sote kwamba haki ya mja haisamehewi ila na mja mwenyewe. Mwenyezi Mungu husamehe haki Zake apendapo, lakini aliyemdhulumu jirani yake huambiwa ende kwa jirani. Ikiwa ni hivyo, ni nani awezaye kumsamehe muuaji kwa niaba ya mama aliyefiwa na mwanawe? Kunyamaza si kusamehe. Na anayemwambia aliyedhulumiwa asahau, hali haki yake hajalipwa, amemdhulumu mara ya pili.

Upande wa pili wako wanaokumbuka ili wawashe moto. Hao nao wamekosea, kwani hakuna nafsi ibebayo mzigo wa nafsi nyingine. Kijana wa kabila moja aliyezaliwa miaka thelathini baada ya tukio hana dhambi ya risasi iliyopigwa na mtu wa kabila lake. Wala kijana wa kabila jingine hana haki ya kumlipiza.

Msomaji atatuuliza: ikiwa hakuna abebaye mzigo wa mwenziwe, deni hili alilipe nani? Jawabu limo katika sheria ya mirathi, tunayoijua sote. Mtu akifa, mwanawe hachukui dhambi zake. Lakini deni la maiti hulipwa katika mali yake kabla warithi hawajagawana kitu. Anayepokea nyumba hawezi kusema nyumba ni yangu na deni si langu. Na serikali ndivyo ilivyo: anayerithi kiti, mihuri na hazina, hurithi na madeni ya kiti hicho. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoa ripoti yake mwaka 2013, na mambo ya Kisumu yamo. Mwezi wa Machi 2015, Rais Uhuru Kenyatta, mwana wa Rais yule wa kwanza, aliomba radhi bungeni kwa makosa ya serikali zilizopita, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waliodhulumiwa. Alisema kwa ulimi wa kiti, si kwa ulimi wa mwana peke yake, na hilo lilikuwa sawa. Lakini ahadi nayo ni deni.

Wala tusidhani jambo hili ni la Kisumu peke yake. Ndugu zetu wa pwani wanaijua tarehe 12 Januari. Unguja siku hiyo ya mwaka 1964 huadhimishwa kwa shangwe, kwa kuwa wako waliotoka katika unyonge. Na wako wanaoikumbuka kwa machozi, kwa kuwa jamaa zao waliuawa au walikimbia. Mwadilifu hukumbuka yote mawili. Anayewahesabu maiti wa upande wake tu, huyo hakumbuki; anadai.

Basi yatupasa nini, sisi tunaokaa hapa Milimani, mtaa uliokuwa wa Wazungu wakati wa ukoloni, na ambao nao una kumbukumbu ya waliokatazwa kukaa? Hatusemi kuzuliwe ibada mpya kwa ajili ya tarehe. Twasema: wazee walioona waulizwe maadamu wangali hai, wayasemayo yaandikwe bila kuongezwa wala kupunguzwa, waliofiwa watembelewe, wawe wa dini yetu au si wa dini yetu, na wenye kiti wakumbushwe ahadi yao kwa adabu, mwaka hata mwaka, mpaka waitimize. Deni likishalipwa, tarehe 25 itakuwa siku kama siku nyingine, na hapo ndipo mwenye haki atakapoweza, akipenda, kusahau.

Wabillahi tawfiq.