Kawia Ufike: Sauti Iliyochelewa

Katika kisiwa cha Mafia, mvuvi avutaye juya na mwanamke asukaye ukili barazani wanaweza kuimba mchana kutwa. Na jioni, wakiulizwa kazi yao, mmoja atajibu uvuvi na mwingine mikeka. Wimbo hauhesabiwi. Hapo ndipo huzuka swali: mtu aliyeutumia ujana wake katika kazi ya mikono, kisha akaingia usanii akiwa mtu mzima, je, amechelewa? Na kama amechelewa, ni nani aliyemchelewesha?

Mfano mkubwa uko kisiwa jirani cha Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba yapata mwaka 1880, kwa wazazi waliotoka utumwani, naye akapewa jina la Mtumwa. Alifinyanga vyungu, akavitembeza na kuvinadi kwa sauti yake. Mwaka 1911, akikaribia au kupita miaka thelathini, alihamia mjini. Huko mwanamuziki Muhsin Ali aliisikia sauti ile, akamfundisha. Mwaka 1928 Siti alisafiri hadi Bombay kutia nyimbo zake katika santuri, ilhali hakujua kusoma wala kuandika. Aliimba habari za wanawake waliodhulumiwa na wanyonge waliokosa haki. Mahasidi walimsimanga kwa beti, wakiuliza tangu lini mwuza vyungu amekuwa mtu. Naye akawajibu kwa wimbo uliopima utu kwa akili, si kwa sura wala ukoo.

Wapo wasemao kuwa kuchelewa kwake kulikuwa heri: kawia ufike. Dhiki, wasema, ndiyo iliyomfunza. Rai hiyo ina nusu ya ukweli. Aliyenadi chungu juani anaijua thamani ya senti na uchungu wa kudharauliwa, na ujuzi huo haununuliwi. Lakini udongo haukumfundisha mahadhi ya taarabu, wala namna ya kuyatamka maneno ya Kiarabu. Hayo alifundishwa na mtu. Fumba walikuwapo wafinyanzi wengine. Dhiki iliwapata wote, mlango ukafunguliwa kwa mmoja. Anayeisifu dhiki kwa ajili ya Siti hana budi kueleza iliwapa nini wale waliozikwa na sauti zao.

Methali yenyewe humhusu msafiri aliyekwisha kupanda chombo. Haimhusu aliyezuiliwa pwani. Sheria ilifuta hadhi ya utumwa Unguja mwaka 1897. Mafia, iliyokuwa imeingia mikononi mwa Wajerumani mwaka 1890, ilingoja mpaka mwaka 1922, sheria ilipoufuta utumwa katika Tanganyika nzima. Mtumwa wa shamba la minazi hakuchelewa. Muda wake ulichukuliwa. Kumwita mtu wa namna hiyo mchelewaji ni kumtwika kosa la aliyemtumikisha.

Yaweza kujibiwa kwamba si kila mwimbaji anahitaji santuri. Ni kweli. Wimbo wa juya umetimia pale pale ufukweni, wavu unapofika nchi kavu, na mvuvi hana deni kwa ulimwengu. Kazi yake haina aibu, wala haihitaji sifa za jukwaani ili ipate heshima. Hata hivyo, aliyechagua kubaki na wimbo wake pwani si sawa na yule ambaye hakuulizwa kamwe. Wa kwanza ana uhuru. Wa pili ana ukimya ambao wengine huuita uhuru.

Basi swali la umri humgeukia msikilizaji. Siti alikuwa na sauti ile ile alipokuwa akinadi vyungu njiani. Walioisikia walinunua chungu wakaenda zao, mpaka akatokea mmoja aliyeisikia kama wimbo. Kama kulikuwa na kuchelewa, kulikuwa kwa masikio. Na barazani Mafia, ukili ungali unasukwa, na anayeusuka angali anaimba.